Mahame ya Engaruka na Mifereji Yetu

Maneno yaliyonenwa mbele ya waamini na walimu wa Digodigo



Katika sikukuu hii ya Jubilei wengi wamekwisha kunena habari za mambo yaliyojengwa, makanisa na shule na zahanati, tangu Jimbo letu la Arusha lilipoundwa mwaka wa 1963, na Askofu Dennis Durning akawa mchungaji wake wa kwanza. Sisi tumepewa nafasi fupi, nasi twapenda kunena habari za mambo yaliyoachwa. Labda mwauliza mioyoni mwenu, Magofu yana nini na furaha yetu ya leo? Twaomba mtuvumilie kidogo, na mwisho mtaona ya kuwa habari hizi ni zetu kabisa.

Wengi wenu mwaijua njia itokayo huku kwetu, ikashuka katika Bonde la Ufa hata Engare Sero karibu na ziwa Natron, ikapita chini ya Oldonyo Lengai, mlima utoao moto, kisha ikaelekea kusini hata Engaruka. Njia hiyo tuliifuata sisi walimu wa dini pamoja na vijana wa parokia, ili tuyaone mahame ya Engaruka kwa macho yetu. Tulipofika hatukuona minara wala kuta ndefu. Tuliona mawe tu, mawe yasiyo na hesabu, na baadhi ya vijana wakanung'unika kwamba wameletwa mbali kutazama mawe. Walakini tulipopanda mteremko kidogo, tukageuka na kutazama chini, wote wakanyamaza. Maana mawe yale yamepangwa. Uwandani ni mashamba, moja baada ya jingine, yametengwa kwa safu za mawe kama mistari ya daftari. Na katikati yake hupita mifereji ambayo kingo zake zimejengwa kwa mawe pasipo chokaa. Mashamba hayo yapata hekta 2,000. Juu yake, katika mteremko wa ukingo wa Bonde, ni mahame ya vijiji vikubwa saba, na kila nyumba ilisimama juu ya mahali palipochimbwa na kusawazishwa, pakazuiwa kwa ukuta wa mawe usiporomoke.

Mzungu aliyepita hapo mwaka wa 1883, Bwana Fischer, Mdachi, aliyaona mawe hayo akaandika habari zake. Mwaka wa 1935 alikuja Dakitari Leakey akachimba, akakisia ya kuwa walikaa hapo watu 30,000 au hata 40,000. Lakini waliochimba baadaye, kama Bwana Sassoon katika miaka ya 1964 na 1966, na Bwana Sutton baada yake, waliipunguza sana hesabu hiyo, wakasema yafaa tuhesabu elfu chache tu. Maana si mashamba yote yaliyolimwa wakati mmoja. Walipima na miaka pia, wakaona ya kuwa vijiji vile vilikaliwa tangu karne ya 15 hata karne ya 18. Watu wake walilima mtama, wakafuga ng'ombe na mbuzi, wakatia samadi mashambani, nao walipata shanga chache kutoka pwani.

Je, walikuwa watu gani? Palikuwa na wataalamu waliodhani ya kuwa kazi kubwa namna hii haikuwezekana ila kwa taifa geni lililotoka kaskazini. Walakini waliochimba hawakukuta mali ya wafalme wa kigeni. Walikuta vyungu na majivu na mifupa ya mifugo, vitu vya wakulima kama sisi. Na walipotafuta watu wa kuwafananisha nao, walitaja Wairaki, na tena walitaja sisi Wasonjo, ambao kwa lugha yetu twajiita Batemi, kwa sababu mpaka leo twalima kwa maji ya mifereji. Sisi hatusemi kwa kujivuna ya kuwa watu wa Engaruka walikuwa babu zetu. Twasema tu ya kuwa kazi yao twaijua, maana ni kazi ya mikono yetu wenyewe.

Na kwa nini waliondoka? Wataalamu hutaja sababu zaidi ya moja. Vijito vilivyonywesha mashamba vilipungua maji. Udongo uliolimwa miaka mingi ulichoka. Na Wamasai walienea nchini pamoja na ng'ombe zao. Kijiji huweza kufa polepole, mfereji mmoja baada ya mwingine.

Sasa ndugu, hatuna budi kuungama jambo moja. Zamani, tulipokuwa tungali wapya katika kazi ya ukatekista, tulijenga kanisa dogo la kigango. Karibu nalo palikuwa na hame la kijiji cha kale, nasi tukawaambia vijana wakatwae mawe yake kwa msingi. Tena tuliwafundisha watoto ya kuwa pale palikuwa mahali pa giza, hapafai kukumbukwa. Bibi mmoja mzee akaja, akasimama kimya akitazama mawe yakipita vichwani. Kisha akasema, "Mwalimu, ninyi hutufundisha kuwaheshimu baba na mama. Je, wakiisha kufa, huacha kuwa baba na mama?" Tulimjibu, "Bibi, haya ni mawe tu." Akaenda zake. Kanisa lile lingalipo, na kila tuingiapo kusali twakumbuka jibu letu, na twaona haya. Yeye aliijua amri ya nne kuliko mwalimu wake.

Tuliporudi kutoka Engaruka tuliitazama mifereji yetu kwa macho mengine. Ninyi mwajua ya kuwa wagawao maji kwetu ni wazee waitwao wenamiji, kila mtu akipata zamu yake, na ya kuwa kazi ya kuzibua mfereji ni ya wote. Mwajua pia jinsi zamani vijiji vyetu vilivyozungushiwa boma la miti na miiba, na watu wakaingia kwa malango. Maboma yale yalikwisha kuondoka, nasi hatukufa. Lakini mfereji ukiondoka, twaondoka nao. Na leo tunaona nini? Miti ya chemchemi hukatwa. Vijana hukimbilia mjini, na siku ya kuzibua mfereji huonekana wazee tu. Wakristo wawili hugombania zamu ya maji usiku, na asubuhi hupiga magoti katika benchi moja bila kusalimiana. Sisi walimu twahubiri amani, lakini ni wangapi kwetu tuliopanda hata chemchemini na jembe begani?

Basi hapa twarudi kwenye Jubilei. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 25, Mungu aliwaagiza Waisraeli jinsi ya kuuadhimisha mwaka wa hamsini: ardhi ipumzike isilimwe, na mtu aliyepoteza urithi wa baba zake aurudie. Hakuagiza ngoma na karamu tu. Jubilei ni sikukuu ya ardhi iliyochoka na ya urithi uliopotea. Nani angeyafahamu hayo kuliko sisi tuliosimama Engaruka?

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. La kwanza, mawe ya mahame yaachwe mahali pake, hata kama ni kwa kulijenga kanisa. La pili, kila mwalimu awapeleke wanafunzi wake kwa wazee, waliobatizwa na wasiobatizwa, wayaandike majina ya vijiji vya kale na ya mifereji yake, kabla wazee hao hawajalala. La tatu, siku ya kuzibua mfereji, sisi makatekista tuwe wa kwanza kufika, na waliogombana washike jembe pamoja.

Wahenga walisema, Mwacha asili ni mtumwa. Watu wa Engaruka hawakutuachia kitabu hata kimoja, wala jina la mtu mmoja. Wametuachia kazi njema iliyopangwa jiwe kwa jiwe. Mungu awakumbuke, yeye asiyesahau jina la mtu. Naye atujalie sisi kwamba wajukuu wetu, watakapoiadhimisha Jubilei nyingine hapa Digodigo, wasikute mawe tu, bali waisikie sauti ya maji yakipita mashambani.

Amina.