Mezani Mwa Mzee: Glasi, Sigara na Saa

  

Leo tuzungumze juu ya meza. Naam, ile meza fupi ya sebuleni, au stuli iliyo kando ya kiti cha mzee. Jioni mzee anarudi amechoka. Anavua viatu, anafungua saa mkononi na kuilaza mezani, anajimiminia wiski kidogo, anawasha sigara. Wapo pia wanaopenda zile sigara nene za majani ya tumbaku yaliyoviringwa. Na wapo wanaopenda saa kiasi cha kuwa nazo tano au sita, na jioni huzitandaza, wakazipangusa, wakazifungua na kubadilisha betri wenyewe. Sikuja hapa kumgombeza mtu kwa starehe yake. Aliyeshinda juani ana haki ya kupumzika. Lakini hebu pima urefu wa meza hiyo. Mtoto wa mwaka mmoja anayejifunza kusimama huushika ukingo wake kwa mikono miwili, na kila kilicho juu yake kiko karibu na mdomo wake.

Tuanze na glasi. Wiski nyingi huwa na asilimia 40 ya kileo, ilhali bia za kawaida huwa na asilimia 4 au 5. Mtoto wa kilo 10 akinywa kijiko kimoja cha mezani cha wiski, ni sawa na mtu mzima wa kilo 70 kunywa vijiko saba kwa mkupuo. Hata hivyo, ulevi si hatari pekee. Ini la mtoto huhifadhi sukari kidogo sana, na pombe hulizuia ini lisitengeneze nyingine. Sukari ya damu inashuka, mtoto analegea, anapata baridi mwilini, anaweza kushikwa na degedege au kupoteza fahamu. Jambo hili linaweza kutokea saa kadhaa baadaye, wakati nyote mnadhani amelala usingizi mzuri.

Kwa hiyo, mama, ukimkuta na glasi tupu na mdomo unanukia, usiseme "ataamka salama". Usimtapishe. Kama yu macho na anameza vizuri, mpe kitu chenye sukari kisha mpeleke hospitali usiku huo huo. Kama amelegea, usimtie chochote mdomoni. Mlaze ubavu na mkimbize. Nao wanaomwonjesha mtoto tone la pombe ili alale, au wanaompaka kwenye ufizi meno yanapoota, waache. Ufizi unaouma usugue kwa kidole safi, au mpe kitambaa safi kilicholowa maji baridi atafune.

Na wewe mama, kama nawe hunywa kidogo, jua kwamba pombe huingia katika maziwa. Ukinywa chupa moja ya bia, ngoja angalau saa mbili kabla ya kunyonyesha. Zaidi ya hapo, aliyekunywa, awe baba au mama, asilale kitanda kimoja na mtoto mchanga usiku huo. Anayevuta sigara pia asilale naye. Vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini huongezeka sana hapo.

Sigara nayo ina mambo mawili. Moshi mnaujua: nimonia, pumu, maradhi ya masikio. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 ilikataza kuvuta sigara katika maeneo ya umma, lakini hakuna askari wa kuzunguka sebuleni mwa watu. Kufungua dirisha hakutoshi. Mzee na avutie nje, tena anawe mikono kabla ya kumbeba mtoto.

La pili husahauliwa, nalo ni vipisi. Kipisi kilichobaki kwenye kisahani cha majivu bado kina nikotini, na mtoto hukitafuna kama kitu cha kuokotwa tu. Ile sigara nene ina tumbaku nyingi kuliko ya kawaida, kwa hiyo kipisi chake ni hatari zaidi. Mtoto aliyemeza tumbaku huanza kutapika, kutokwa na udenda na jasho, na uso kubadilika rangi, mara nyingi kabla ya saa moja kupita. Futa mdomo wake, usimtapishe, nenda hospitali.

Sasa tufike kwenye saa. Hapa nakuomba uache kuchambua mboga kidogo, kwa sababu hiki ndicho kitu ambacho wazazi wengi hawakitilii shaka.

Saa za kujazwa ufunguo, na zile zinazojijaza zenyewe mkono ukitembea, hazina betri. Lakini saa nyingi hutumia betri ndogo bapa, ya duara, inayong'aa kama kifungo. Tazama nambari iliyoandikwa juu yake. Ikiwa ni CR2016 au CR2032, hizo 20 za mwanzo ni upana wake kwa milimita, karibu sawa na sarafu ya shilingi 5. Upana huo ndio unaokwama kwenye njia ya chakula ya mtoto mdogo. Usidhani ni saa za bei ghali tu. Casio F-91W, saa ya plastiki ambayo wengi wetu tumeivaa, hutumia CR2016. Rimoti nyingi ndogo na mizani ya jikoni hutumia betri za aina hii pia.

Ikikwama, mate huunganisha pande zake mbili na umeme ukaanza kupita. Umeme huo hutengeneza magadi makali yanayoiunguza nyama. Haihitaji kupasuka wala kuvuja. Ndani ya saa mbili inaweza kuwa imeunguza vibaya sana. Hata betri iliyokwisha nguvu, isiyoweza tena kuendesha saa, bado ina umeme wa kutosha kuunguza. Zile ndogo zaidi mara nyingi hupita na kutoka na choo, lakini hilo halijulikani mpaka eksirei ipigwe. Zikitiwa puani au sikioni huunguza vilevile.

Mara nyingi hakuna aliyemwona akimeza. Utaona mtoto anakataa chakula, anatokwa na udenda, anakohoa, anashika kifua, na mtu atakwambia ni homa tu. Hesabu saa na betri zilizokuwa mezani. Moja ikikosekana, usingoje dalili. Usimtapishe, usimpe chakula. Kama amepita mwaka mmoja, anameza bila shida, na betri imemezwa chini ya saa 12 zilizopita, mpe vijiko viwili vya chai vya asali kila dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara sita. Asali hupunguza kuungua, lakini haitoi betri, kwa hiyo usichelewe kwa kuitafuta dukani. Wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

Pitiliza zahanati isiyo na eksirei; nenda moja kwa moja hospitali iliyo nayo. Ukifika mlangoni usikae foleni, sema kwa sauti: "Mtoto amemeza betri."

Kumweleza mzee haya hakuhitaji ugomvi. Mwambie kabla hajaketi: "Baba Wafula, nipe saa niiweke juu ya kabati." Mtafutie rafu ya juu iwe yake, ya chupa na saa zake zote. Betri kuukuu zifungwe kwa utepe wa gundi pande zote mbili kabla ya kutupwa. Na ukienda hospitali beba ile saa yenyewe, au betri nyingine kama hiyo, ili daktari aisome nambari.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya mafuta ya taa yanayowekwa kwenye chupa za soda.