Kitabu Kizuri Kisifungiwe Sandukuni

Hotuba ya mmoja wa wachungaji waliowahi kuutumikia Usharika huu, aliyoitoa mbele ya washarika na wageni kutoka Dayosisi siku ya harambee ya kuchapisha kitabu hiki cha Jubilei.



Wenzangu waliotangulia kusema wametueleza habari za waliolileta Neno hapa, na za wazee wetu waliolipokea. Mimi Kamati ya Jubilei imenipa karatasi, uzi na gundi. Nimeombwa niseme juu ya umbo la kitabu chetu, yaani kitakavyotengenezwa, wala si juu ya yatakayoandikwa ndani yake. Nadhani nimechaguliwa kwa sababu wakati wa masomo yangu katika chuo cha theolojia nilipangiwa kazi ya mikono maktabani, nikafundishwa kushona vitabu vilivyochakaa. Tangu wakati huo siwezi kupokea kitabu bila kukigeuza kwanza nikautazama mgongo wake.

Jambo lililo mbele yetu mnalifahamu. Kamati imependekeza zitengenezwe nakala 100 za pekee, moja kwa kila mwaka wa Usharika, zenye jalada la ngozi, maandishi ya dhahabu, karatasi nzito, na kila moja namba yake. Hizo zitakuwa za wageni na wafadhili. Washarika wengine watapata nakala za karatasi nyepesi zilizounganishwa kwa gundi. Wako waliolifurahia pendekezo hilo, na wako walionung'unika. Wote wamepita nyumbani kwangu na wote nimewapa chai. Leo sikuja kutoa hukumu. Naomba kwanza niwasimulie habari za kitabu kimoja, kisha niwaungamie kosa langu mwenyewe, ndipo niseme ninaloliona.

Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa alikuwako Uingereza mtu aitwaye Thomas James Cobden-Sanderson. Alikuwa mwanasheria, lakini akiwa na umri wa miaka zaidi ya arobaini aliiacha kazi hiyo, akajifunza kujalidi vitabu kwa mikono yake. Mwaka 1900, katika mtaa wa Hammersmith ulio kando ya mto Thames jijini London, yeye pamoja na mwenzake Emery Walker walianzisha kiwanda kidogo cha uchapaji kilichoitwa Doves Press. Walker alikuwa bingwa wa mambo ya herufi. Walikwenda kuzitazama herufi zilizotumiwa na mchapaji Nicolas Jenson mjini Venice katika miaka ya 1470, wakamwajiri fundi Edward Prince achonge herufi mpya kwa kuzifuata zile za kale. Ziliundwa kwa kipimo kimoja tu. Hazikuwako kubwa za vichwa vya habari wala ndogo za maelezo ya chini.

Kwa herufi hizo walichapa Biblia ya Kiingereza katika majuzuu matano, kati ya mwaka 1903 na 1905. Ilitolewa katika nakala 500 za karatasi iliyotengenezwa kwa mkono, na ikavikwa jalada jepesi la ngozi nyeupe iliyotayarishwa kama ile ya kuandikia ya zamani. Ndani yake hamna picha hata moja, wala ua, wala nakshi ya kuzunguka ukurasa. Mna wino mweusi, wino mwekundu mahali pachache, na nafasi nyeupe ya kutosha pande zote ili jicho lipumzike. Katika ukurasa wa kwanza wa Mwanzo, herufi ya kwanza, iliyochorwa na mwandishi stadi Edward Johnston, imesimama nyekundu kutoka juu ya maandishi hadi chini, kama nguzo ya mlango. Nimeuona ukurasa huo katika picha tu. Hata hivyo nilikaa nao muda mrefu, kwa maana sikuona humo kitu kilichowekwa kwa ajili ya kujionyesha. Kila kilichofanyika kilimsaidia msomaji asome. Hadi leo watunzao vitabu adimu huihesabu kuwa miongoni mwa vitabu bora vilivyochapwa katika karne ya ishirini.

Ndugu zangu, laiti habari ingeishia hapo. Miaka michache baada ya Biblia hiyo kukamilika, watu hao wawili walikosana. Yakafanyika mapatano kwamba Cobden-Sanderson atazitumia herufi hizo muda wote wa maisha yake, na akifa zitakuwa mali ya Walker, aliyekuwa mdogo wake kwa miaka kama kumi. Mzee yule akatia sahihi, lakini moyo wake haukutia sahihi. Hakuweza kustahimili wazo kwamba herufi zilizochapa Biblia ile zingeweza siku moja kutumika katika mashine za kisasa kuchapa mambo ambayo yeye hakuyachagua. Siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1913 alianza kutupa mtoni zile kalibu ambazo kwazo herufi huundwa. Kisha, kuanzia Agosti 1916 hadi Januari 1917, mzee huyo mwenye umri wa zaidi ya miaka sabini na mitano alitoka usiku baada ya usiku, safari kama 170, akiwa amezificha herufi za risasi katika nguo na mifuko, akazimwaga mtoni kutoka juu ya daraja la Hammersmith. Zilikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja. Alifariki mwaka 1922, na Walker hakurithi kitu ila kesi.

Nimeisimulia habari hii kwa vijana mara kadhaa, nao hucheka, wakisema mzee alirukwa na akili. Mimi sicheki, kwa sababu namfahamu mtu huyo. Nimewahi kuwa yeye.

Nilipopewa kituo changu cha kwanza nilikuta daftari kubwa la ubatizo lililoanzishwa na waliotutangulia. Lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa kitani, jalada lake la ngozi, mwandiko wake umenyooka kana kwamba mwandishi alikuwa na siku nzima kwa kila jina. Nililipenda kuliko kitu chochote cha ofisi ile. Wazee walizoea kuja kulifungua, kuonyesha majina ya baba zao kwa kidole, na wengine vidole vyao vilikuwa na udongo wa shambani. Niliona wanaliharibu. Nikalifunga katika kitambaa, nikalitia sandukuni, nikaliweka sanduku katika chumba cha nyuma, na ufunguo nikabaki nao mwenyewe. Kwa muda wa miaka miwili hakuna aliyelifungua, hata mimi.

Siku moja alikuja bibi mmoja akitaka kuliona jina la baba yake kabla hajafa. Nilifungua sanduku nikaona mchwa wamepanda kutoka sakafuni. Jalada lilikuwa zima kabisa, linang'aa. Nilipoliinua lilikuwa jepesi kama kibuyu kikavu, na ndani yake mlikuwa na udongo. Bibi yule hakunilaumu. Alisema tu, "Mchungaji, tungelikuwa tunalifunua kila Jumapili, tungewaona mapema." Akaenda zake. Nami hadi leo nikisoma majina ya waliolala katika Bwana, nakumbuka kwamba wako ambao majina yao yalipotea mikononi mwangu, nami nikidhani nayatunza.

Kwa hiyo naomba tusikose kulielewa kosa lenyewe. Cobden-Sanderson hakukosea kutengeneza kitabu kizuri, wala waliolishona daftari lile hawakukosea. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, tunamwona Bezaleli akijazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao. Fundi amejazwa Roho ili afanye kazi ya mikono yake vizuri! Basi mtu asituambie kwamba uzuri wa kitabu ni anasa ya Wazungu, au kwamba kazi ya Mungu inaweza kulipuliwa ili mradi imekwisha. Kosa linakuja baadaye, pale mtu anapoanza kukipenda kitu kizuri kuliko watu ambao kilitengenezwa kwa ajili yao.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 31, linatupa kipimo. Katika sura hiyo hiyo moja Musa anatoa maagizo mawili. Kitabu cha torati kiwekwe kando ya sanduku la agano, kitunzwe. Na tena torati isomwe mbele ya Israeli wote kila mwaka wa saba, wanaume, wanawake, watoto na mgeni aliye malangoni. Kutunza na kusoma havikutenganishwa. Mimi nilitii agizo moja nikaliacha la pili, na mwisho wake nikayakosa yote mawili.

Tena sisi Walutheri tunao mfano wa nyumbani. Mnamo Septemba 1522, mjini Wittenberg, lilitoka Agano Jipya la Kijerumani lililotafsiriwa na Martin Luther na kuchapwa na Melchior Lotter. Halikuwa kijitabu cha kulipua. Lilikuwa kitabu kikubwa, na kitabu cha Ufunuo kilipambwa kwa michoro 21 iliyochongwa katika mbao, kazi ya karakana ya Lucas Cranach. Nalo lilichapwa kwa wingi. Hukadiriwa kuwa nakala 3,000 au zaidi, idadi kubwa sana kwa siku zile, na zikaisha upesi hata ikabidi kuchapa tena mwezi Desemba mwaka huo huo. Zilizosalia leo ni chache na za thamani kubwa. Lakini wachapaji hawakukusudia ziwe chache. Zimekuwa chache kwa sababu zilisomwa hata zikachakaa, na nadhani hakuna mwisho mwema kuliko huo kwa kitabu.

Sasa nitasema ninaloliona, na Kamati iamue.

La kwanza, uzi ni wa wote. Kitabu kilichoshonwa huchapwa katika karatasi kubwa, zikakunjwa kuwa mafungu ya kurasa kumi na sita au zaidi, na uzi ukapita katikati ya kila mkunjo. Kitabu cha gundi hukatwa mgongo, kikapakwa gundi, kikabanwa. Siku ya uzinduzi vyote viwili hupendeza. Baada ya miaka kumi ya joto na vumbi, gundi hukauka ikapasuka, na kurasa zikaanza kuhama moja moja. Mnakumbuka kijitabu chetu cha miaka sabini na mitano. Mchapaji sitamtaja. Nani kati yenu anacho kikiwa kizima? Mimi changu hakina kurasa za wainjilisti. Tafadhali, nakala ya mgeni na nakala ya mama anayeuza ndizi pale njia panda zishonwe kwa uzi ule ule, na karatasi ziwe zile zile, zisizo na asidi, ili zisigeuke rangi na kuvunjika.

La pili, nakala 100 za ngozi sizipingi. Wageni wetu wanastahili heshima, na wafadhili pia. Tofauti na iwe katika jalada tu. Ila naomba nakala yenye namba 1 isiende kwa mtu yeyote. Baba Askofu atanisamehe. Namfahamu, ataipokea namba 2 kwa furaha. Namba 1 iwekwe juu ya meza mlangoni mwa kanisa, ifunguliwe kila Jumapili, na kila mtu aiguse, hata mtoto mwenye mkono wa embe. Ikichakaa, tutashona upya. Mafundi wa kushona watapatikana, na mimi bado nina sindano yangu.

La tatu, tusitupe herufi zetu mtoni. Siku hizi herufi hazimo katika risasi, zimo katika kompyuta ya mchapaji. Basi mkataba useme wazi kwamba kazi yote iliyopangwa ni mali ya Usharika, nakala moja itunzwe hapa na nyingine Dayosisi, ili wajukuu wetu waweze kuchapa tena bila kutuomba ruhusa makaburini.

Nimalizie kwa habari ya mto Thames. Mwaka 2014 mtu mmoja aitwaye Robert Green, mchoraji wa herufi aliyekuwa ametumia miaka mingi kuzichora upya zile za Doves Press, alishuka ukingoni karibu na daraja la Hammersmith maji yalipokupwa, akaokota vipande vichache vya risasi. Kisha wapiga mbizi wa mamlaka ya bandari ya London walimsaidia, wakapata vipande 150. Kwa msaada wa vipande hivyo akairekebisha kazi yake, na leo mtu yeyote anaweza kuandika kwa herufi zile katika kompyuta. Mzee alijitahidi kwa safari 170 zisimfikie mtu mwingine, na sasa zimewafikia wote. Mungu alimpa zawadi ya kutengeneza, hakumpa haki ya kuzuia.

Daftari langu halikuwa na wa kuliokota. Ndiyo maana nimesimama hapa leo. Toeni, ndugu zangu, toeni kwa ajili ya uzi na karatasi njema, na kitabu kitakapotoka, kifungueni.