Rekoda Ilisema Saa Nane

Ndugu wasikilizaji, wiki iliyopita sikuwa nanyi kwa sababu nilikuwa Mafia. Tulikuwa na msiba wa upande wa mke wangu huko Bweni, kaskazini kabisa mwa kisiwa, jirani na Ras Mkumbi penye ule mnara wa taa uliojengwa na Wajerumani mwaka 1892. Maziko yalikwisha salama, na wote waliotutumia salamu nawashukuru. Lakini jioni ya leo sizungumzii msiba. Nazungumzia kisanduku kimoja cheusi, kipana kama sinia, ambacho nusura kimwangamize kijana wa watu tukiwa bado matangani.

Shemeji yangu ana duka pale. Anauza unga, sukari, sabuni na nyuzi za nyavu, na katika friza anawahifadhia watu samaki kwa ujira. Nyuma ya duka kuna stoo ambamo wavuvi huacha vitu vyao kwa amana. Umeme wake ni wa jua: paneli juu ya bati, betri, na inveta. Mwaka jana alimleta fundi kutoka mjini akamfungia kamera nne za ulinzi pamoja na rekoda yake. Fundi akapachika kamera, akachomeka waya, akawasha televisheni, picha zikatokea. Akalipwa, akala, akaondoka kabla ya adhuhuri. Watoto wa mtaa mzima walikuja kujitazama kwenye televisheni wakipunga mikono. Basi, kazi ikahesabiwa imekwisha.

Usiku wa pili wa matanga, mashine ya boti ya nguvu za farasi 15 ikaibwa stoo. Anayeijua bei ya mashine hiyo anajua kwamba aliyeibiwa si mtu mmoja, ni nyumba tatu au nne zinazokula kwa boti hiyo. Jirani mmoja akasema alisikia kishindo kama saa nane ya usiku. Haya, rekoda si ipo? Watu wakajaa dukani.

Kwanza walipotea njia. Waliandika 08:00, maana saa nane ni nane, na mashine ikajibu kuwa hapo hapana picha. Akatokea mwanafunzi wa sekondari akawaeleza kuwa saa nane ya usiku kwa hesabu ya mashine ni 02:00. Wakaandika hivyo. Na kweli, ilipofika 02:10, kijana mmoja wa palepale kijijini akaonekana akipita nyuma ya stoo, begani ana mzigo mkubwa uliofungwa kwa nailoni.

Ndugu wasikilizaji, hamhitaji mimi niwaeleze neno "mwizi" linavyofanya kazi katika nchi yetu. Likishatamkwa mbele ya kundi la watu halingoji shahidi wa pili. Kijana aliletwa akiwa ameshikwa na watu wanne, shati limechanika. Akasema ni kweli alipita pale, ila ilikuwa saa tatu ya usiku, akirudisha wavu nyumbani. Mtu mmoja akamkatiza: "Mashine inasema saa nane. Mashine haina ndugu Bweni." Pakawa kimya, na kimya cha namna ile mimi nakiogopa kuliko makelele.

Aliyemwokoa ni mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye gunia la chumvi. Alisema tu, "Hebu nirudishieni nyuma kidogo." Wakarudisha. Ilipofika 00:58 ukatokea msafara wa watu wamevaa kanzu na kofia, wanatoka msikitini wakizungumza, na miongoni mwao mzee yule yule na tochi yake mkononi. Akauliza, "Mimi nimeswali Isha saa saba ya usiku lini?"

Watu wakacheka. Walipocheka, yule kijana akalia.

Nikakaa na yule mwanafunzi tukapiga hesabu. Rekoda ilikuwa imetengenezwa China na bado ilikuwa kwenye saa ya China. Saa ya kule iko mbele ya Greenwich kwa saa 8, yetu ya Afrika Mashariki iko mbele kwa saa 3. Tofauti ni saa 5 kamili. Iliyosema 02:10 ilikuwa kweli saa tatu na dakika kumi za usiku, watu bado wako barazani. Fundi hakugusa ukurasa wa kuchagua majira ya saa, kwa vile mteja hakujua kama ukurasa huo upo. Mwaka mzima jua lilikuwa likichomoza kwenye ile televisheni baada ya saa 11:00 ya mashine, yaani karibu na adhuhuri, na hakuna aliyeona ajabu.

Na saa nane yenyewe ya kweli? Kwa hesabu ya mashine ingekuwa 07:00. Tulipotafuta hapo hapakuwa na kitu. Picha zilikatika 05:20, ndiyo saa sita na dakika ishirini za usiku kwetu, zikarudi jua lilipopanda. Betri zilikuwa zimekwisha. Friza lilizinywa.

Mimi ni mwandishi wa habari, stashahada yangu ni ya kuuliza maswali. Kwa hiyo niliporudi nilikwenda kuwauliza mafundi wawili wa kazi hii, kila mmoja peke yake, nami nawaletea niliyoyapata, maana naona kamera hizi sasa zinafungwa kila mahali, kwenye maduka ya dawa, kwenye nyumba za wageni, hata misikitini na makanisani.

Kwanza umeme. Rekoda ndogo ya kamera nne hula kiasi cha wati 12, na kila kamera ikiwasha taa zake za kuonea gizani hula kama wati 4. Jumla wati 28. Tangu magharibi hadi alfajiri ni saa 12, hivyo unahitaji wati-saa 336. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa hesabu ya karatasi, lakini betri za risasi na tindikali haifai kuzinyonya kupita nusu, kwa hiyo chukua 600. Inatosha kabisa kwa ulinzi. Haitoshi ukiweka na friza. Wote wawili waliniambia jambo moja: rekoda ipewe betri yake peke yake, isishirikiane na kitu kingine chochote.

Tena, kwa mwenye umeme wa jua, hakuna haja ya kupitia kwenye inveta. Inveta inaichukua volti 12 ya betri inaipandisha hadi 230, halafu adapta ya rekoda inaishusha tena hadi 12. Ni kama kubeba maji juu ya mnazi ili uyamwage chini, na kila hatua inapoteza. Ila msikimbilie kuunga waya moja kwa moja kwenye betri. Betri inapochajiwa hupita volti 14, na kamera iliyotengenezwa kwa 12 inaweza kuungua. Panatakiwa kifaa cha katikati cha kuituliza volti, na fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Betri ikigusana waya bila fyuzi inaweza kuwasha nyumba. Na kabla ya kuchomeka chochote, pima kwa mita ujue chanya ni ipi na hasi ni ipi.

Mwenye umeme wa gridi, au anayetumia inveta, akumbuke kuwa 230 ni 230. Inayotoka kwenye inveta inaua sawasawa na ile ya nguzoni. Kabla ya kufungua rekoda kuweka diski, chomoa kwenye soketi, usizime kwa kitufe tu. Kazi ya kuvuta soketi mpya na waya wa ardhi ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Usione haya kumwomba akuonyeshe leseni hiyo. Daktari tunamwuliza cheti, dereva tunamwuliza, fundi umeme tunamwogopa nini?

Rekoda ya shemeji nilikuta imewekwa juu ya friza, chini ya bati. Joto la chini linapanda, la juu linashuka, na yenyewe ina joto lake. Diski iliyo ndani inazunguka usiku na mchana, na joto ndilo adui yake. Matundu ya hewa yalikuwa yamezibwa na kitambaa cha kutarizi, mtu alidhani anaipamba. Ndani tulikuta mayai ya mjusi. Mahali pake ni ndani ya kabati lenye kufuli na matundu ya hewa, mbali na kaunta. Mwizi mwenye akili huanza na rekoda, kisha ndiyo afanye kazi yake kwa nafasi.

Kwa sisi watu wa pwani kuna adui mwingine, nao ni upepo wa chumvi. Viungo vya waya vilivyoachwa wazi nje vinaota kutu ya kijani, picha inaanza kutetemeka, halafu inazimika. Viungo viwe ndani ya kisanduku kilichozibwa. Waya unapoingia ukutani uachwe uning'inie kidogo chini ya tundu kabla ya kupanda, ili maji ya mvua yadondoke nje yasifuate waya hadi ndani. Waya wa picha usiufunge pamoja na waya wa umeme mkubwa. Na kuhusu radi: waya mrefu unaopita hewani, toka duka hadi stoo, unaweza kuokota nguvu za radi hata ikipiga mnazi wa jirani. Uzikwe ndani ya bomba, uwekewe kinga, na fimbo ya shaba iwe ardhini kweli, si kwenye ndoo ya mchanga kama nilivyowahi kuona mahali fulani, jina nalihifadhi.

Diski nayo ina kipimo chake. Kamera inayorekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde hula gigabaiti 21 na nusu kwa siku. Kamera nne ni 86. Diski ya terabaiti 1 itajaa kwa siku 11 hivi, kisha rekoda itaanza kufuta za zamani kimya kimya na kuandika mpya juu yake. Kwa hiyo likitokea jambo, nakili picha siku ile ile. Sheria yetu ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inairuhusu mahakama kupokea kumbukumbu za namna hii, lakini inataka hakimu atazame jinsi zilivyotengenezwa na kuhifadhiwa, kama ni za kutegemewa. Rekoda yenye saa ya China, sijui wakili gani angeitetea. Ninachojua ni kwamba pale Bweni hapakuwa na wakili.

Shemeji alikuwa ameiunganisha na intaneti ili mwanawe aliyeko Dar es Salaam alione duka kwenye simu. Nikamwuliza neno la siri. Akacheka: "Lilelile la fundi." Na la fundi lilikuwa lilelile la kiwandani. Mwaka 2016 kilizuka kirusi kilichoitwa Mirai. Kilikuwa na orodha ya majina na maneno ya siri ya kiwandani, jozi 60 na ushei tu, kikawa kinazunguka duniani kubisha hodi kwenye rekoda, kamera na ruta. Zilizofungua zikageuzwa jeshi. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo lilishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na kurasa kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa. Vijana watatu wa Marekani walikiri mwaka 2017 kuwa ndio waliokitunga. Hebu fikirini: kisanduku cha dukani, kilichonunuliwa ili kumlinda mtu na mwizi, kinatumwa usiku kwenda kuvunja nyumba za watu ng'ambo na mwenyewe hana habari. Neno la siri lilibadilishwa palepale, nikiwa nimesimama.

Jambo la mwisho lilisemwa na wanawake, si na mafundi. Kamera ya nne ilikuwa inatazama stoo, lakini nyuma ya stoo kuna ua wa jirani, na ndani ya ua watu wanaoga, wanasukana, wanakaa bila mtandio. Mama wa nyumba ile alikuwa ameshalalamika mara mbili. Tangu tarehe 1 Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022, na Tume yake ipo. Picha ya mtu ni taarifa yake. Lakini hata kabla ya sheria hiyo, ua ni ua. Kamera ikainamishwa ikabaki kutazama mlango wa stoo tu, na ubao ukaandikwa kwa chaki kuwajulisha wapitao kuwa wanarekodiwa.

Saa tuliirekebisha jioni ile kwa kufuata saa ya redio, ilipolia kabla ya taarifa ya habari. Mafundi wanasema ikaguliwe hivyo kila wiki, kwa sababu ndani mna kibetri kidogo kama shilingi kinachoishikilia saa umeme ukikatika, na kikichoka rekoda inarudi kwenye tarehe ya zamani kabisa.

Juzi shemeji amenipigia simu. Betri ya pili imenunuliwa, rekoda inakesha. Mashine ya boti haijapatikana. Watu wanne waliomshika kijana walikwenda kwa baba yake kuomba radhi, na radhi ikapokewa. Ila kijana mwenyewe, anasema shemeji, hapiti tena nyuma ya stoo. Akitoka pwani na wavu wake anazunguka kule kwenye minazi, njia ndefu, tena gizani.