Tusapote, lakini tusinyamaze

Maneno ya kamati mbele ya mkutano wa mwezi, Kamalondo. Tumeyaandika sawa vile yalisemwa, juu wale ambao hawakufika nao wasome.



Leo hatutaanza na kotizasyo. Kotizasyo itakuja, musikimbie. Tutaanza na kitu ambacho kila mtu hapa anakijua, na hakuna mwenye alitaka kukisema kwa sauti: ile maneno ya kampanye na ile yote imetufikia kisha kampanye. Hatutataja jina la mtu. Munalijua, na jina lake haliko njo shida yetu ya leo. Shida yetu ya leo ni siye wenyewe.

Tukumbuke kwanza. Mbele ya uchaguzi wa Desemba 2023, ule bwana alikuja mu mkutano wetu. Aliketi mu kiti cha plastiki sawa siye, akakunywa maji yetu. Aliahidi vitu vitatu. Cha kwanza, mashini ya kusaga, juu ba mama wasibebe tena mahindi mbali. Cha pili, makaratasi ya batoto wetu wenye walisoma ku Zambia mu Kiingereza: alisema atayafuata yeye mwenyewe ku Kinshasa mpaka yatambuliwe. Cha tatu, forage ya maji. Kisha akaacha mifuko ya bunga na matriko yenye sura yake. Tuliimba. Kamati nayo iliimba, tusijifanye leo sawa watu wenye hawakuwa pale.

Akachaguliwa. Mashini haikukuja. Forage haikukuja. Makaratasi ya batoto yako mu bahasha ileile mu kabati ya katibu. Tulienda ku ofisi yake mara tatu. Mara ya tatu ule kijana wa ku mulango alituuliza kama siye ni ba nani.

Hiyo peke yake ingekuwa kitu ya kawaida, tumeshazoea. Lakini angalieni kilichofuata kati yetu. Wale wenye walikuwa wakimubebea bendera walianza kuchekwa. Wao nao wakakasirika, wakasema siye tuna wivu, na kwamba "ule bwana hana makosa, ni bale beko pembeni yake njo banamufunga macho". Ba mama wawili wenye walikuwa wakiuzisha chini ya mwavuli mumoja leo hawasalimiane. Memba sita waliacha kotizasyo. Na kisha ikakuja ile kilio ya mu mwezi wa tano. Mumoja wetu alipoteza mtoto. Na kuna watu wa chama hiki ambao hawakufika, juu ile nyumba ilikuwa "nyumba ya depite".

Hapo njo tuliona kwamba ahadi iliyovunjika haikuvunja paka mashini ya kusaga. Ilitaka kuvunja chama.

Ndugu, hii haikuanza kwetu. Turudi nyuma kidogo, juu mtu mwenye hajui njia alipopita atapita tena mu shimo lilelile.

Mwaka 1991, wakati mkoa wetu uliitwa bado Shaba, Nguz a Karl-i-Bond alikuwa mu Union sacrée ya upinzani pamoja na Étienne Tshisekedi. Walisema watasimama bega kwa bega mbele ya Mobutu. Mu Novemba ya mwaka uleule, Nguz akapokea kazi ya waziri wa kwanza kutoka mkono wa Mobutu. Mu Januari 1992 akaisimamisha Konferansi ya kitaifa. Masapota wake huku kwetu walifanya nini? Wengi hawakumuuliza kitu. Walimufuata. Na wakati Konferansi ilirudi kazini na ikamuchagua Tshisekedi kuwa waziri wa kwanza, mu Agosti 1992, hasira haikupanda kwa wakubwa. Ilishukia majirani wenye asili ya Kasai: Lubumbashi, Likasi, Kolwezi. Maelfu na maelfu ya watu walifukuzwa mu nyumba zao. Watu walilala ku magare wakingojea gari la moshi, na wengine walifia pale.

Mu chumba hiki, kuna wenye walifukuzwa ile wakati na kisha wakarudi. Kuna pia wenye walitazama paka mu dirisha. Leo wanaketi mu chama kimoja na wanazikana. Hatusemi hii juu ya kufungua kidonda. Tunaisema juu ile hasira ya 1992 na ule moyo wa kukataa kufika ku kilio ni watoto wa mama mumoja. Mukubwa anavunja neno lake kule juu, na siye huku chini tunalipizana.

Sasa tukuje karibu. Munakumbuka Geneva. Tarehe 11 Novemba 2018, viongozi saba wa upinzani waliweka sahihi: Fayulu, Félix Tshisekedi, Kamerhe, Katumbi, Bemba, Muzito na Matungulu. Walikubaliana kwamba mgombea wa wote atakuwa Martin Fayulu. Kesho yake, tarehe 12, Tshisekedi na Kamerhe wakaondoa sahihi yao. Juu ya nini? Walisema wenyewe: masapota wamekataa. Watu wa UDPS walikuwa wamepanda na kelele ku Kinshasa, na siku haijaisha karatasi ikawa haina kazi tena. Siku chache kisha, tarehe 23 Novemba, wale wawili wakaweka sahihi ingine ku Nairobi. Mu Januari 2019 Tume ya uchaguzi ikamutangaza Félix Tshisekedi na 38,57 kwa mia, Fayulu na 34,83. Fayulu akakataa matokeo, na maaskofu Wakatoliki wakasema hesabu zao hazipatane na zile za Tume.

Kati yetu kuna wenye wanasema walifanya vizuri kuondoa sahihi, na wenye wanasema ni usaliti. Muendelee kubishana, lakini ku nje. Mu mkutano huu tunataka muone kitu kimoja tu: masapota wana nguvu. Walisema mara moja, na wakubwa wawili wakageuka mu siku moja. Kwa hiyo mtu asituambie tena kwamba "siye batu ya chini hatuna namna". Namna iko. Swali ni tunaitumia juu ya nini. Juu ya nani ataketi mu kiti, tunapiga kelele mpaka usiku. Juu ya maji, juu ya masomo, juu ya makaratasi ya batoto, tunanyamaza.

Mfano. Katiba ya Februari 2006, kifungu cha 175, inasema mikoa ipate 40 kwa mia ya mapato ya taifa, na kwamba makuta hayo yakatwe palepale yanapoingilia, yasiende kwanza Kinshasa na kurudi. Siye wa Katanga, na mashaba yetu, na magari makubwa yanayopanga mustari kwenda Kasumbalesa! Hiyo ahadi haiko ya bwana mumoja wa kampanye; iko mu Katiba, na haijatimizwa sawa vile ilivyoandikwa. Kifungu cha 226 kilisema mikoa mipya iwe tayari mu miezi 36. Mu Januari 2011 wakabadilisha Katiba, ile miezi 36 ikaondolewa, na Katanga ikakatwa mara ine paka mu 2015. Nani kati yetu alimushika depite wake mkono akamuuliza juu ya 40 kwa mia? Tuliuliza triko.

Na tusiwe watu wa kusema kila kitu ni uongo. Mu Septemba 2019 masomo ya shule ya musingi yakaanza kuwa ya bure. Ahadi hii ilikuwa mu Katiba tangu 2006, kifungu cha 43. Hapa kuna ba mama wenye batoto wao walirudi shule juu ya hiyo. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba madarasa yalijaa, batoto wakaketi chini, na walimu wengi wakangoja mushahara. Mtu mwenye anasema "Raisi amemaliza yote" anadanganya, na mtu mwenye anasema "hakufanya kitu" anadanganya pia. Sapota wa kweli anaweza kusema yote mbili mu siku moja na asife.

Siye ba Kamalondo tunapashwa kujua hii kuliko wengine. Tunakaa karibu na uwanja wa Mazembe. Sapota wa Mazembe, timu ikicheza mubaya, anafanya nini? Anapiga mayowe, anauliza kocha, anataja jina la muchezaji mwenye alilala. Hakuna mwenye anamwambia "wewe si wa Mazembe tena". Anarudi siku ya Mungu inayofuata na triko yake ileile. Kumbe tunajua kusapota na macho wazi! Lakini tukiingia mu siasa tunafunga macho, na mwenye kuuliza tunamuita adui.

Kuna kitu kingine watu wengi hawakijui. Katiba, kifungu cha 101, inasema depite wa taifa anawakilisha taifa lote, na kwamba hakuna mtu anayeweza kumufunga na maagizo. Maana yake, ile ahadi ya mashini, tribinali haiwezi kumulazimisha ailipe. Ahadi ni deni, ni vile wazee walisema, lakini hili ni deni lenye halina ushuru. Lina paka mwenye kulidai, na mwenye kulidai ni siye, kila siku mpaka 2028, si siku ya kura tu. Na Katiba ileile, kifungu cha 27, inatupa kisu kidogo: kila Mukongomani, peke yake ao pamoja na wengine, ana haki ya kuandikia mukubwa wa serikali barua ya maombi, na ule mukubwa anapashwa kujibu mu miezi mitatu.

Basi, kamati inaleta mambo matano. Mutayapiga kura kwa kuinua mkono mbele ya kutoka.

Moja. Siku ya mkutano wa mwezi, hakuna mgombea atapewa neno. Akitaka kutuona, tutamupa siku ingine, na wagombea wote watapewa nafasi sawasawa.

Mbili. Ahadi yoyote itaandikwa mu kayee ya chama, na tarehe, na mwenye kuahidi ataweka sahihi yake chini. Akikataa kuweka sahihi, tumeshajua.

Tatu. Zawadi ya kampanye haitaingia mu kese yetu. Kila memba ako huru ku nyumba yake. Bunga ni bunga. Lakini kese ni ya ugonjwa, ya kilio na ya masomo, haina chama cha siasa.

Ine. Ku kilio hakuna triko ya mgombea, hakuna bendera, na hakuna memba wa chama hiki atauliza nyumba hii ni ya nani.

Tano. Makaratasi ya batoto hayatangoja tena depite. Katibu ameandika barua ya maombi sawa kifungu cha 27 kinavyosema. Iko hapa ku meza. Wazazi wote waweke sahihi leo, wale wenye walimubeba bwana na wale wenye walimukataa. Kopi tutaipeleka pia ku ofisi ya ule bwana, na tutahesabu miezi mitatu.

Mbele ya kumaliza, neno la mwisho.

Wengi wetu tulikimbia wakati Pweto ilianguka, mu Desemba 2000. Tuliishi miaka ku makambi ya Zambia, Mwange na Kala, mpaka tukarudi. Kule tulikuwa na kidogo kuliko leo. Lakini mtu akifiwa, kila nyumba ilitoa kopo moja ya mahindi ku chakula chake cha kugawiwa, na hakuna mwenye aliuliza marehemu alikuwa upande wa nani mu vita. Ile kopo njo ilizaa chama hiki. Kama tumerudi mu inchi yetu na tumeiacha ile kopo ku Zambia, basi hatukurudi vizuri.

Kwa hiyo kamati inaomba samahani kwa ile nyumba yenye ililia peke yake mu mwezi wa tano. Papa na mama wako hapa, wanatusikia. Tulipashwa kusema siku ileile, na hatukusema. Leo kitunga kitapita. Kila mtu aweke ile angeleta ku kilio, ata kama ni franga kidogo. Na wale ba mama wawili, hatutawataja, lakini ule mwavuli ungali mukubwa wa kutosha.

Sasa tuinue mikono.