Kupinga Deni Lisilo Sahihi katika Kumbukumbu za Mikopo: Hali ya Bunia na Ituri

Kumbukumbu ya mikopo huonyesha mtu alikopa wapi, kiasi gani, alilipa lini, na kama kuna deni lililochelewa hadi likakabidhiwa wakusanya madeni. Maelezo hayo yote hutoka upande mmoja, yaani kwa mdai. Kwa hiyo deni lililoandikwa humo ni dai tu, wala halina nguvu ya hukumu. Anayeandikwa ana haki ya kudai lithibitishwe.

1. Mahali kumbukumbu zinapotunzwa

Kwa kulinganisha, nchini Kenya kazi ya kutunza kumbukumbu hizo hufanywa na kampuni zenye leseni ya Benki Kuu, zikiwemo Metropol, TransUnion na Creditinfo. Mkopeshaji hutakiwa kumwonya mteja siku 30 kabla ya kumwandikisha kuwa hakulipa, na taarifa mbaya huhifadhiwa kwa miaka 5. Marekani, ambako familia nyingi za Kikongo zimehamia, sheria ya mwaka 1970 huipa ofisi ya kumbukumbu siku 30 kwa kawaida kuchunguza malalamiko. Deni lililokabidhiwa wakusanyaji huondolewa baada ya miaka 7.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, msingi ni Centrale des Risques, yaani rejesta ya mikopo ya Benki Kuu ya Kongo, yenye makao makuu Kinshasa. Benki na taasisi za mikopo midogo hupeleka huko taarifa za wateja wao. Kwa kuwa rejesta hiyo hupokea kile inacholetewa, kosa lililoanzia kwenye daftari la mkopeshaji wa Bunia, jimboni Ituri, hufika Kinshasa likiwa kosa lile lile. Ndiyo maana upingaji huanza kwa mkopeshaji mwenyewe.

2. Vyanzo vya makosa

Chanzo cha kwanza ni utambulisho. Kadi ya taifa ilizinduliwa mwaka 2023 lakini haijawafikia wananchi wengi, hivyo kadi ya mpigakura ndiyo hutumika benki. Kadi hiyo hubadilishwa kila uandikishaji mpya wa wapigakura. Majina matatu ya mtu nayo huandikwa kwa mpangilio tofauti kutoka ofisi moja hadi nyingine. Watu wawili wenye majina yanayofanana wanaweza kubebeshana deni.

Cha pili ni vita. Tangu mwishoni mwa mwaka 2017, mashambulizi katika teritwari ya Djugu, jimboni Ituri, yamewafukuza watu wengi, na baadhi yao wamefikia kambi kama Kigonze mjini Bunia. Mfanyabiashara aliyekimbia huacha duka, mazao na risiti. Huenda alikuwa amelipa sehemu kubwa ya mkopo, lakini karatasi za kuthibitisha malipo zimeungua pamoja na nyumba.

Cha tatu ni mkopo wa kikundi chenye dhamana ya pamoja. Mwanachama mmoja anaposhindwa, wenzake wanaweza kuandikwa kuwa wadaiwa hata kama kila mmoja alimaliza sehemu yake. Hapo swali ni mkataba ulisema nini hasa juu ya dhamana.

Cha nne ni hesabu yenyewe: mkopo wa dola uliolipwa kwa faranga kwa kiwango kisichoandikwa, faini zisizomo katika mkataba, au fedha zilizopokelewa na mtumishi wa nje ambaye hakuziingiza ofisini.

3. Hatua za kupinga

Hatua ya kwanza ni kuomba taarifa kamili kwa maandishi: nakala ya mkataba, orodha ya malipo yote, hesabu ya riba na faini, na tarehe ambayo deni lilihesabiwa kuwa limechelewa. Sheria ya Dijitali ya Kongo (Code du numérique) ya tarehe 13 Machi 2023 inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazotunzwa na kuomba zisahihishwe.

Hatua ya pili ni barua ya kupinga. Barua nzuri hutaja deni moja, kosa moja baada ya jingine, na marekebisho yanayoombwa. Huambatanishwa na nakala za ushahidi. Karatasi za asili hubaki kwa mwenyewe. Nakala ya pili ya barua hupigwa muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Bila muhuri huo, itakuwa vigumu baadaye kuthibitisha kwamba malalamiko yalipelekwa.

Ushahidi hutegemea kosa. Aliyefananishwa na mtu mwingine huleta kadi zake za zamani na mpya. Aliyepoteza risiti vitani huomba benki taarifa ya akaunti, au kampuni ya simu orodha ya malipo ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Mashahidi na hati ya mtawala wa mahali alikotoka husaidia kueleza jinsi karatasi zilivyopotea.

Sheria ya mikataba ya mwaka 1888, ambayo bado inatumika, imegawa mzigo wa ushahidi waziwazi: anayedai deni athibitishe kuwa lipo, na anayesema amelipa athibitishe malipo. Sheria hiyo hiyo inataka mdaiwa ajulishwe rasmi deni linapouzwa kwa mtu mwingine. Mkusanyaji anayebisha hodi bila hati ya kuonyesha nani kamtuma, au deni lilimfikiaje, hastahili kulipwa kabla hajaionyesha.

Hatua ya tatu ni Benki Kuu, msimamizi wa benki na taasisi za mikopo midogo. Ibara ya 27 ya Katiba ya mwaka 2006 inampa kila Mkongo haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, nayo mamlaka hutakiwa kujibu ndani ya miezi 3. Hatua ya mwisho ni mahakama.

4. Mambo ya kuangalia

Kongo imo katika OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara, tangu mwaka 2012. Chini ya sheria zake, mdai anaweza kupata amri ya kulipa bila mdaiwa kusikilizwa kwanza. Hati hiyo ikiletwa, muda wa kuipinga ni mfupi na umeandikwa humo. Anayeuacha upite hupoteza nafasi ya kujitetea.

Madeni ya kibiashara kwa kawaida hufikia ukomo baada ya miaka 5. Lakini kukiri deni kunaweza kuanzisha hesabu ya muda upya, na malipo madogo ya kumtuliza mkusanyaji yanaweza kuchukuliwa kuwa kukiri. Deni linalobishaniwa lisilipwe hata kidogo, wala hati yake isitiwe sahihi, kabla ya kupata ushauri wa wakili.

Deni likiwa la kweli, kulipinga hakulifuti. Njia iliyo bora ni kuomba mpango mpya wa malipo, kulipa kwenye akaunti ya taasisi badala ya mkononi mwa mtumishi, na kudai hati ya kumaliza deni pamoja na ahadi ya maandishi kwamba Centrale des Risques itajulishwa.

5. Mapendekezo

Taasisi za mikopo za Bunia zimwonye mteja kwa maandishi kabla ya kupeleka jina lake Kinshasa, na ziweke alama ya mgogoro kwenye deni linalopingwa. Kwa wakimbizi wa ndani, ziandike tarehe na sababu ya kuhama, ili aliyekimbia risasi asihesabiwe sawa na aliyekimbia deni. Vikundi vya mikopo vitunze daftari la pili la malipo mahali tofauti na lile la kwanza.