Sarafu za Mimu: Nani Anashikilia Bei?

Mada ya elimu kwa umma kuhusu ulinzi wa akiba



Kuna sarafu za mtandaoni zinazoanzishwa kwa mzaha, zikibeba picha ya mbwa au jina la mtu mashuhuri. Huitwa sarafu za mimu. Hazina shamba, kiwanda wala mapato nyuma yake. Thamani yake ni imani kwamba mwingine atanunua kwa bei ya juu zaidi. Kwa hivyo, kabla ya kununua, ulizeni: ni nani anayemiliki nyingi?

Wamiliki wakubwa huitwa nyangumi, maana wakijigeuza majini, mitumbwi midogo huyumba.

Sarafu ya Shiba Inu ilianzishwa Agosti 2020, zikatengenezwa trilioni 1,000. Nusu yake ilitumwa kwa Vitalik Buterin, mmoja wa waanzilishi wa mtandao wa Ethereum, bila yeye kuziomba. Mei 2021, bei ikiwa imepaa, Buterin alitoa zaidi ya trilioni 50 kwa hazina ya kukabiliana na UVIKO-19 nchini India. Zilikadiriwa kuwa na thamani ya takriban dola bilioni 1. Nia ilikuwa njema, lakini bei iliporomoka kwa zaidi ya asilimia 30. Siku chache baadaye alipeleka zaidi ya trilioni 410 kwenye pochi isiyoweza kufunguliwa na yeyote, akieleza kwamba hakutaka kuwa na mamlaka ya aina hiyo. Si kila nyangumi ana moyo huo.

Tazameni hesabu hii. Sarafu nyingi za aina hii huuzwa kupitia kapu la pamoja lenye sarafu upande mmoja na pesa upande wa pili. Tuseme kapu lina sarafu milioni 1 na Sh1,000,000. Bei ni shilingi 1. Mtu mwenye sarafu milioni 1 akiziuza zote, huondoka na takriban Sh500,000, na bei hushuka hadi senti 25. Aliyechelewa huona simu yake ikimwonyesha robo tu ya alichokuwa nacho. Hofu huenea, wengine hukimbilia kuuza, na bei huzama zaidi.

Kinyume chake pia hutokea. Nyangumi hununua kwa wingi, bei hupanda, watu huvutiwa, kisha yeye huwauzia wao.

Benki Kuu ya Kenya ilitoa tahadhari kuhusu sarafu za mtandaoni tangu Desemba 2015. Sheria ya mwaka 2025 sasa inawataka watoa huduma za mali za kidijitali wawe na leseni. Hata hivyo, leseni ya kampuni si dhamana ya bei ya sarafu.

Ushauri kwa wakazi ni huu:

1. Kagueni orodha ya pochi kubwa zaidi. Huonekana wazi mtandaoni. Kumbukeni kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na pochi nyingi, na pochi moja ya soko inaweza kubeba mali ya wateja wengi.
2. Kagueni kiasi cha pesa kilicho kwenye kapu, na kama mwanzilishi anaweza kukiondoa wakati wowote.
3. Jaribuni kuuza kiasi kidogo kabla ya kuongeza.
4. Karo, pesa za chama na za mkopo zisiguswe kamwe.

Bei inayoonekana kwenye simu si pesa mkononi. Ni ahadi tu, na mwenye nyingi ndiye hutangulia mlangoni.