Mambo Yampasayo Mgonjwa Kuelezwa

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Mmenipa heshima kubwa kunitaka niseme nanyi habari za mgonjwa na daktari wake. Wengi wetu twadhani ya kwamba kazi ya daktari ni kupima na kutoa dawa, basi. Mimi nasema kazi hiyo haijatimia mpaka mgonjwa ameelezwa akaelewa.

Chukueni mfano wa shinikizo la damu, ugonjwa uliowashika wengi wa rika letu. Mara nyingi hauumi wala hauonyeshi dalili. Mzee hupewa vidonge vya mwezi mmoja. Vikiisha, naye ajiona mzima, huacha. Hakuambiwa ya kuwa vidonge hivyo huzuia damu isipande, wala haviuondoi ugonjwa wenyewe, na kwamba yampasa kuendelea navyo na kurudi kupimwa. Siku moja huanguka, upande mmoja wa mwili umepooza. Majirani husema amerogwa. Kumbe alikosa maneno machache tu.

Basi zahanati ya daktari anayetutibu sisi na jamaa zetu yapaswa kutujulisha mambo gani? Nayataja matano.

Kwanza, saa za kufungua na kufunga, na mahali pa kukimbilia usiku zahanati ikiwa imefungwa. Haya yaandikwe mlangoni kwa herufi kubwa.

Pili, jina na cheo cha anayetutibu, na leseni yake ibandikwe ukutani ionekane na kila mtu.

Tatu, gharama, nazo zitajwe kabla ya matibabu. Tangu mwezi wa Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilipochukua mahali pa NHIF, watu wengi hawajui ni zahanati ipi inayopokea bima hiyo na kwa huduma zipi. Mgonjwa aambiwe mapema, asije akauza mbuzi kwa deni asilolitazamia.

Nne, ugonjwa wenyewe: jina lake, njia za kuutibu, faida na hatari ya kila njia, na jinsi ya kutumia dawa. Ni mara ngapi kwa siku, kabla ya chakula au baada yake, kwa muda gani, na ni dalili zipi za kumrudisha mgonjwa upesi.

Tano, kwamba siri yake italindwa, na kwamba akiwa na malalamiko kuna mahali pa kuyapeleka bila hofu.

Ndugu zangu, haya si sadaka tunayoomba. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, matibabu yaliyopo na gharama zake, tena kwa lugha anayoifahamu kadiri iwezekanavyo. Nayo Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura.

Lakini haki haiji peke yake. Nasi tuna wajibu wetu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Tumwambie daktari kweli yote, hata ile mitishamba tunayokunywa nyumbani, maana yaweza kupingana na dawa zake. Tuhifadhi kadi zetu za matibabu. Na tusipoelewa tuulize tena, kwa kuwa kuuliza si ujinga. Najua mzee huona haya kumwuliza kijana aliyevaa koti jeupe. Lakini haya hiyo imewapeleka wengi kaburini.

Nawasihi wanachama mambo mawili. Kwanza, Halmashauri yetu izitembelee zahanati za hapa kwetu na kuziomba kwa adabu zibandike mambo haya kwa Kiswahili. Pili, kila jamaa imchague kijana mmoja ajuaye kusoma, awe akimsindikiza mzee kwa daktari, iwapo mzee mwenyewe anakubali, na kuyaandika yote anayoambiwa.

Chama chetu kimezoea kuchanga fedha za mazishi, na ni jambo jema. Lakini ni bora zaidi tushikane mikono mzee angali hai, apate neno litakalomrudisha nyumbani salama.